Kujitolea katika akwaria ya umma

Kujitolea katika akwaria ya umma ni kufanya kazi bila mshahara katika taasisi inayotunza viumbe wa majini kwenye matangi na kuwaonyesha watu wote. Akwaria ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa mwaka 1853 katika bustani ya wanyama ya Regent's Park, London. Siku hizi akwaria nyingi kubwa, hasa za Marekani, hutegemea sana mikono ya watu wa kujitolea. New England Aquarium, iliyofunguliwa mwaka 1969 kando ya bandari ya Boston, ni mfano mzuri wa kuufuata, kwa kuwa kazi ya kujitolea hapo huanzia jikoni na kufika hadi kwenye fukwe zilizo mbali na vioo vyake.

Jikoni kazi ni ya visu na ndoo. Heringi na ngisi waliogandishwa huyeyushwa, hukaguliwa mmoja mmoja, hukatwa kwa kipimo cha mlaji na kugawanywa kwenye ndoo. Samaki aliyepasuka tumbo au aliyeanza kulainika hutupwa. Samaki wanaokaa muda mrefu kwenye barafu hupungukiwa na vitamini B1, na baadhi ya aina zina kimeng'enya kinachoiharibu vitamini hiyo hata baada ya samaki kufa. Mnyama anayelishwa samaki hao tu kwa muda mrefu huweza kuugua mishipa ya fahamu. Dawa yake ni kidonge kinachopachikwa kwenye shavu la samaki, na ni lazima ijulikane nani kakimeza. Kwa hiyo anayekata samaki ameshika sehemu ya tiba, na anastahili kuheshimiwa hivyo.

Uangalifu huohuo huonekana kwenye kidimbwi cha pengwini. Wamo pengwini wa Afrika, wenyeji wa pwani za Namibia na Afrika Kusini, ambao mwaka 2024 waliingizwa katika kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Watu wa kujitolea huingia kwenye maji baridi wakiwa wamevaa suti za mpira, husugua vinyesi miambani kwa brashi, kisha husaidia kuwalisha ndege kwa mkono. Kila pengwini ana bangili ya rangi kwenye bawa, na kila samaki anayemezwa huandikwa mbele ya jina la mlaji. Ndege wengi huuficha ugonjwa mpaka umewazidi. Daftari ndilo linalowafichua mapema, mradi anayeandika asichoke wala asikisie.

Katikati ya jengo limesimama tangi la maji ya chumvi la takriban lita 760,000, makazi ya Myrtle, kasa wa kijani aliyefikishwa Boston mwaka 1970. Wapiga mbizi wa kujitolea husaidia kusafisha vioo na kulisha. Myrtle ni mlafi, na asipopewa chake mapema huwafuata wapiga mbizi na kuwapora chakula cha papa na taa, hivyo hushughulishwa kwa saladi na ngisi wakati wengine wanakula. Nje ya maji, wengine husimama penye tangi la kugusia, wakiwaonyesha watoto namna ya kunyoosha kiganja na kusubiri taa aje mwenyewe. Kazi hii huchukuliwa kuwa nyepesi kuliko ilivyo. Mtoto aliyefundishwa kusubiri hujifunza kwamba mnyama ana hiari yake, na hakuna bango linaloweza kumfundisha hilo.

Kazi nzito kuliko zote hufanyika nje ya jengo. Kila mwaka, hasa Novemba na Desemba, kasa wadogo hukwama katika ghuba ya Cape Cod, kusini-mashariki mwa Boston. Wengi ni kasa wa Kemp wenye umri wa miaka michache tu, aina iliyo hatarini mno, ambayo hutaga hasa kwenye fukwe za Meksiko na Texas. Huja kaskazini wakati wa joto kutafuta kaa. Majira yakigeuka hutaka kurudi kusini, lakini nchi kavu ya rasi ya Cape Cod imepinda kama ndoana na huwafungia njia. Kasa hana joto lake mwenyewe la kutosha kumlinda, na maji yakishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi hulegea, huacha kuogelea na kuelea mpaka upepo umtupe ufukweni. Ukimtazama utadhani amekufa, na mara nyingi yu hai.

Hapo huingia watu wa kujitolea wa Mass Audubon, shirika la uhifadhi lenye kituo Wellfleet, kwenye rasi hiyohiyo. Hutembea fukweni baada ya maji kujaa, usiku na mchana, kwenye upepo wa kuuma. Anayemkuta kasa hamrudishi baharini. Humvuta juu ya mpaka wa maji kujaa, humfunika kwa mwani mkavu ili upepo usimpoze zaidi, huweka alama na kupiga simu. Kasa hupangwa ndani ya maboksi ya ndizi na kupelekwa kwa gari kwenye hospitali ya kasa ya akwaria, huko Quincy. Dereva, naye wa kujitolea, hasafiri na hita, kwa sababu joto la ghafla laweza kumuua mgonjwa. Hospitalini joto huongezwa taratibu, takriban nyuzi 3 kwa siku, huku madaktari wakitibu nimonia na majeraha.

Msimu wa 2014 uliwaleta zaidi ya kasa 1,200, wingi ambao haukuwahi kuonekana hapo awali. Hospitali ikifurika, marubani wa kujitolea huwachukua kwa ndege ndogo na kuwasambaza katika vituo vingine. Wanasayansi wanalihusisha ongezeko hili na kupanda kwa joto la Ghuba ya Maine, iliyo kaskazini mwa Cape Cod, linalowavuta kasa kaskazini zaidi na kuwachelewesha huko. Maana yake, uokoaji huu hautibu chanzo. Hata hivyo, kwa aina yenye kasa wachache hivi, kila mmoja anayefikia umri wa kutaga ana uzito.

Msomaji wa Mwanza, Kisumu au Entebbe naye ana fungu lake katika habari hii. Sangara aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960 aliongezeka kupita kiasi katika miaka ya 1980, na inakadiriwa kwamba takriban aina 200 za furu, samaki wadogo wa ziwa hilo aliowala, zilitoweka. Baadhi zilizookolewa zimeendelea kuzaliana katika matangi ya Marekani na Ulaya, chini ya uangalizi wa akwaria na wafugaji wa nyumbani wasiolipwa. Furu jike hubeba mayai kinywani. Anayewatunza hana budi kumtambua aliyevimba kidevu na kumtenga kwa wakati, la sivyo vifaranga huliwa mara tu wanapotemwa.

Kujitolea kuna kasoro yake kubwa: humfaa zaidi mstaafu mwenye pensheni, au kijana anayelishwa na wazazi. Uzoefu wa akwaria hufungua mlango wa ajira katika fani hii, kwa hiyo asiyeweza kufanya kazi bure kwa miezi kadhaa hubaki nje, hata awe na kipaji gani. Taasisi inayonufaika na saa hizi ingelipa angalau nauli na chakula, na kutenga nafasi za mafunzo zenye posho kwa vijana wa familia zisizo na uwezo.