Waliojua Kuuguza Kabla Dawa Hazijafika

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, katika hospitali ya Ndolage, ambayo ni ya kanisa letu. Wenyeji wa Bukoba waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiuzwa huko siku zile. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004, yaani miaka 21 baadaye.

Katika miaka hiyo yote, nani alijua namna ya kuishi na ugonjwa huu? Madaktari walijifunza kuupima na kutibu baadhi ya maradhi yaliyoambatana nao. Lakini namna ya kumlisha mtu mwenye vidonda kinywani, kumgeuza kitandani, na kumfulia shuka usiku bila kumwaibisha, ilijulikana na mke, binti, na mara nyingi bibi aliyezika wanawe kisha akaanza kulea wajukuu.

Nchini Uganda, Noerine Kaleeba alimuuguza mumewe Christopher hadi alipofariki Januari 1987. Mwaka huohuo, yeye na wenzake, wengi wao wakiwa wenyewe na virusi, walianzisha shirika la TASO. Walianza kwa kukutana na kuelezana yaliyowapata. Mwaka 1989 WAMATA ilianzishwa Dar es Salaam kwa moyo kama huo. Katika miaka ya 1990 akina mama wa Uganda wenye virusi walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ukoo wao, kijiji chao, siku waliyozaliwa. Hofu yao kubwa haikuwa maumivu tu, bali nani atamwambia mtoto ametoka wapi.

Wakati huo mimbari nyingi zilisema juu ya adhabu ya dhambi. Mwaka 1992 Kasisi Gideon Byamugisha, Mwanglikana wa Uganda, alitangaza hadharani kwamba ana virusi. Tangu hapo ilikuwa vigumu kusema "wale wagonjwa" kana kwamba wako nje ya kanisa.

Injili ilikuwa imetufundisha hili zamani. Katika Marko 5, mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 alikuwa amehangaika kwa waganga wengi na kumaliza mali yake. Yesu alikuwa njiani kwenda kwa Yairo, ambaye binti yake alikuwa mahututi. Hata hivyo alisimama, akamwacha mama yule aeleze habari yake yote mbele ya watu. Alikuwa amekwisha kupona. Bado Bwana alitaka kumsikia.

Wapendwa, jambo hili ni la leo pia. Wako washarika wetu wanaoacha dawa za virusi, kisukari au shinikizo la damu kwa kuambiwa kwamba maombi yametosha. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, Luther alibaki mjini kuwahudumia watu, na aliwaandikia Wakristo waombe na watumie dawa. Lakini anayeogopa kumeza vidonge mara nyingi hasaidiwi na hoja. Husaidiwa na mtu aliyemeza vidonge vyake jana na juzi, na Jumapili yuko kwenye kwaya. Ndiyo maana kliniki zetu zina WAVIU washauri, watu wanaoishi na virusi wanaowaongoza wenzao. Watu kama hao wako katika kila usharika, na wengi hatujawahi kuwapa nafasi ya kusema.

Basi tunapokwenda kumtembelea mgonjwa, tusianze kwa mahubiri. Tumuulize usiku unapitaje, na nini kinampa nafuu. Tumgeukie na anayemuuguza, ambaye mara nyingi hakuna amuulizaye hali, tumwulize yeye analala saa ngapi. Tukishasikia, ndipo tuombe, kwa maana sasa tutajua tunaomba nini. Bwana atusaidie.