Nembo za bamama, maandiko juu ya ngozi

Hapa Lubumbashi, tukiona nembo juu ya mgongo ao mikono ya nkambo mmoja aliyetoka kijijini, wengi wetu tunacheka: mambo ya zamani hayo! Lakini tunajua kweli kile tunachocheka?

Kwa Waluba, upande wa Kamina, nembo hizo zinaitwa ntapo. Msichana hakuzipata zote siku moja. Zilikatwa hatua kwa hatua, kadiri alivyokua na kuelekea ndoa, na michoro ilikuwa na majina yake. Kwa Watabwa wa Moba, mustari ya pembetatu inaitwa balamwezi, maana yake kutokea kwa mwezi mpya. Kumbe haikuwa urembo tu; njo ilikuwa namna ya kuandika.

Tuangalie pia viti vya wafalme wa Kiluba. Mara nyingi anayebeba kiti ni mwanamke, na fundi amechonga nembo zake moja moja. Waluba walisema kama mwili wa mwanamke tu njo una nguvu ya kushika roho ya mfalme. Basi ukubwa wa ufalme ulisomwa juu ya mwili wa mama.

Wakati wa ukoloni, wamisionari walikataza desturi hiyo, kisha shule na maisha ya mujini vikaimaliza. Kule Samoa, visiwa vya Pasifiki, wamisionari pia walipinga, lakini wanawake wangali wanachorwa malu, kuanzia mapaja mpaka magotini, na filimu zimetengenezwa juu yao.

Sisi hatuombi wembe urudi juu ya ngozi ya binti zetu. Uliuma, na leo tunajua magonjwa yanayopita mu damu. Tunaomba kitu kingine. Viti vyetu viko Tervuren, London na New York, mti hautapotea. Bamama wenye nembo, wao, wanaondoka kila mwaka, na majina ya michoro yanaondoka nao.

Kwa hiyo, mwenye nkambo kama huyo amuulize kwa heshima: mchoro huu unaitwaje, nani alikukata, juu ya nini? Binti njo waulize wa kwanza, sababu nembo zingine hazionyeshwi kwa wanaume. Na waandike mu kaye, katika luga ileile ya nkambo.