Mpelelezi Mla Rushwa na Sikukuu ya Polisi

Tarehe 28 Julai, 2008, mwimbaji wa Lebanon, Suzanne Tamim, aliuawa kwa kisu ndani ya nyumba yake mjini Dubai. Upelelezi ulimfikia Mohsen al-Sukkari, afisa wa zamani wa usalama wa Misri, na nyuma yake Hisham Talaat Moustafa, tajiri wa majumba na mjumbe wa Baraza la Shura kutoka chama tawala. Mwaka 2009 mahakama ya Cairo iliwahukumu kifo. Kesi ikasikilizwa upya, na Septemba 2010 Moustafa akapewa kifungo cha miaka 15.

Kisa hicho ndicho chimbuko la filamu The Nile Hilton Incident ya Tarik Saleh, Mswidi mwenye asili ya Misri. Lakini Saleh aliyahamisha mauaji: kutoka Dubai akayapeleka Cairo, na kutoka 2008 akayaleta Januari 2011, siku chache kabla ya umma kumwagika barabarani. Kwa kuhamisha hivyo, kesi ya mtu mmoja imekuwa kesi ya dola nzima.

Mpelelezi wake, Noredin, si mtu mwema. Hukusanya hongo mitaani, na hata mbele ya maiti mkono wake hauachi kuchukua fedha. Kituo kinaongozwa na jamaa yake, nacho kinataka kifo hicho kiandikwe kuwa cha kujiua. Kikulacho ki nguoni mwako: anayetafuta muuaji amevaa sare ile ile inayomficha muuaji.

Shahidi ni Salwa, mtumishi wa hoteli kutoka Sudan, asiye na mtetezi. Hilo nalo lina historia yake. Mwishoni mwa 2005 wakimbizi wa Sudan walipiga kambi kwa miezi mitatu mjini Cairo, karibu na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya wakimbizi. Desemba 30 polisi waliwaondoa kwa nguvu, na zaidi ya watu 20 wakafa, watoto wakiwemo. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Salwa yamemfika ya kwanza tu.

Filamu inafikia kilele Januari 25. Siku hiyo mwaka 1952, mjini Ismailia, polisi wa Misri walikataa kusalimisha silaha kwa jeshi la Uingereza, na wapatao 50 wakauawa. Ndiyo asili ya Siku ya Polisi, ambayo Hosni Mubarak aliifanya sikukuu ya taifa mwaka 2009. Juni 2010 kijana Khaled Said alipigwa na polisi mjini Alexandria hadi akafa. Waandamanaji wa 2011 waliichagua sikukuu hiyo kwa makusudi: siku waliyokufa polisi kwa ajili ya umma ikawa siku ya umma kuwashitaki polisi. Februari 11 Mubarak akang'oka.

Saleh alinuia kupiga picha zake Cairo. Siku chache kabla ya kazi kuanza, vyombo vya usalama vilizuia, naye akahamia Casablanca. Januari 2017 filamu ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance, ikatunukiwa tuzo kuu ya jopo miongoni mwa filamu za kigeni. Juni mwaka huo huo, Moustafa alitoka gerezani kwa msamaha wa Rais.