Jinsi Vijiji Vilivyoanza Kupima Afya ya Msitu wa Mgori

Msitu wa Mgori, wenye ukubwa wa hekta 44,000 hivi, uko wilayani Singida. Ni msitu wa miombo, wenye mininga na miti mingine inayopukutisha majani wakati wa kiangazi. Miji hupikia mkaa na kujengea mbao, na vyote viwili hutoka katika misitu ya namna hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mgori haukuwa na mwenyewe. Wapasua mbao, wachoma mkaa na wawindaji waliingia na kutoka, na wakulima wakafyeka mashamba mapya. Dawa iliyozoeleka tangu ukoloni ilikuwa kuutangaza msitu wa aina hiyo kuwa hifadhi ya Serikali na kumkabidhi bwana misitu. Lakini maofisa wachache hawawezi kuzunguka eneo kubwa kiasi hicho, na mara nyingi habari za uharibifu huwafikia miti ikiwa imeshakwisha.

Mwaka 1994 vijiji vya Duru-Haitemba, wilayani Babati, vilianza kusimamia msitu wao wenyewe. Mwaka 1995 Mgori ukafuata. Vijiji vitano vinavyopakana nao viligawana eneo, na kila kimoja kikaunda kamati, kikatunga sheria ndogo na kuteua walinzi miongoni mwa wakazi wake.

Doria ya mlinzi ikawa pia kipimo cha hali ya msitu. Kisiki cha mninga uliokatwa karibuni hutoa utomvu mwekundu kama damu. Cha zamani huwa cha kijivu, kimeliwa na mchwa. Kisiki kinachochipua huonyesha kwamba mizizi ingali hai na mti unaweza kurudi. Kinachochipua kisha machipukizi yakaliwa kila mwaka huashiria mifugo kupita kiasi. Moto, njia mpya za baiskeli na tanuri za mkaa husomwa vivyo hivyo.

Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ziliutambua rasmi utaratibu huo, zikavipa vijiji haki ya kuwa na misitu yao ya hifadhi. Tathmini shirikishi ikaongeza vipimo: wanakijiji na bwana misitu hutenga viwanja vya mfano, hupima unene wa miti kwenye usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, na huhesabu visiki. Hesabu hiyo ikirudiwa baada ya miaka kadhaa, huonyesha kama msitu unapona au unaisha.

Takwimu za nchi nzima zilikuja baadaye, kupitia tathmini ya kitaifa iliyofanywa kati ya 2009 na 2014, iliyokadiria misitu ya Tanzania Bara kuwa hekta milioni 48.1. Tathmini hiyo inahitajika kwa mipango ya taifa, lakini huchukua miaka kukamilika. Habari za mti ulioanguka wiki hii hutoka kwa anayepita msituni kila siku, na ndiyo maana ulinzi wa vijiji umebaki nguzo ya usimamizi wa misitu nchini.