Robota

Zhanxi, kama jina lenyewe lisemavyo kwa Kichina, ni magharibi ya stesheni: stesheni ya reli ya Guangzhou. Ni eneo la maduka ya jumla ya nguo, viatu na saa. Mashati yakishashindiliwa na kukazwa kamba, hakuna anayeyahesabu tena moja moja. Wakala wa kago huandika robota moja, basi. Siku hizi wengi husema belo, lakini robota ni neno la zamani na bado lina nguvu.

Mafundi wa mitandao wangeweza kuliazima neno hilo kwa nyaya zinazofungwa pamoja. Swichi mbili za mtandao zikiunganishwa kwa nyaya mbili, data zinaweza kuzunguka bila kikomo hadi mtandao ulemae. Mwaka 1985 Radia Perlman, akiwa katika kampuni ya DEC, alibuni itifaki inayoupanga mtandao kama mti usio na kitanzi: njia moja huachwa wazi, nyingine hufungwa. Salama, ila waya wa pili umelipiwa na umelala. Nyaya hizo zikifungwa robota, itifaki huona njia moja tu. Zote hufanya kazi, na mmoja ukikatika robota linabaki.

Sharti pande zote mbili zikubaliane. Upande mmoja ukilazimisha robota na wa pili ukaacha kila waya kivyake, kitanzi kinaweza kurudi. Kuzuia hilo ndiyo kazi ya itifaki ya LACP, iliyosanifishwa mwaka 2000: swichi huulizana kwanza.

Neno “bando” nalo lingefaa, lakini tuwaachie watu wa simu. Ukimwambia kijana swichi zina bando, atauliza ni la wiki au la mwezi.