Mipangilio ya kina ya ruta

Mipangilio ya kina ya ruta ni sehemu ya programu ya ruta ya nyumbani inayosimamia ugawaji wa anwani za IP, DNS, ufunguaji wa poti na kinga dhidi ya uvamizi. Hufikiwa kwa kivinjari, mara nyingi kupitia 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na nenosiri la kiwandani ndilo la kubadilishwa kwanza. Tanga, kama kwingineko Tanzania, nyumba hutumia faiba au ruta za laini ya simu, na tofauti hiyo ina uzito. Kwa ruta za laini, kampuni za simu kwa kawaida huwapa wateja wengi anwani moja ya umma, hivyo poti iliyofunguliwa kwa ajili ya kamera ya ulinzi haifikiki kutoka nje, hata mipangilio ikiwa sahihi kabisa. Huduma ya wingu ya mtengenezaji wa kamera, au VPN, hukwepa kizuizi hicho.