Saba Saba na Tarehe 5 Februari

Historia ya siasa ya Tanzania ina siku mbili za kuzaliwa ambazo hazitenganishiki. Moja ni 7 Julai, siku chama cha TANU kilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1954. Nyingine ni 5 Februari, siku ambayo vyama viwili vya Zanzibar viliungana mwaka 1957 na kuzaa chama cha Afro-Shirazi. Miaka 20 baadaye TANU na Afro-Shirazi vilijivunja vyenyewe ili kiundwe Chama Cha Mapinduzi (CCM), na chama hicho kipya kikarithi siku ya kuzaliwa ya mzazi mmoja. Siku ya mzazi wa pili ilibaki kwenye kalenda bila mwenyewe, ikawa inatafutiwa kazi.

TANU haikuanza hewani. Iliota juu ya Tanganyika African Association, yaani TAA, iliyokuwapo tangu 1929 na ambayo mwaka 1953 ilimchagua kuwa rais wake kijana aliyekuwa akifundisha Pugu, Julius Nyerere. Mkutano wa 7 Julai 1954 ulifanyika katika nyumba ya chama, mtaa wa New Street, ambao leo unaitwa Lumumba. Waasisi wanaohesabiwa ni 17, na ukitazama majina yao unaiona Tanganyika nzima imekaa kwenye chumba kimoja. Walikuwapo watu wa mjini kama ndugu wawili Abdulwahid na Ally Sykes, Dossa Aziz, Tewa Said Tewa na John Rupia. Alikuwapo Patrick Kunambi kutoka Uluguru. Alikuwapo Japhet Kirilo, ambaye miaka miwili kabla alikwenda Umoja wa Mataifa kulalamikia ardhi ya Wameru iliyochukuliwa na kupewa walowezi. Alikuwapo pia Saadani Abdu Kandoro, mshairi ambaye kalamu yake ilikipigania chama kwa miaka mingi. Walibadili katiba na jina, na chama cha ustawi wa Waafrika kikawa chama cha siasa kinachodai nchi.

Tarehe yenyewe ilisaidia. Siku ya saba ya mwezi wa saba haihitaji kuandikwa mahali ili ikumbukwe: asiyejua kusoma na mwenye shahada huishika sawasawa. Watu waliiita Saba Saba na jina likaganda. Lilienea kwenye viwanja, masoko na vituo vya mabasi, na hata vitani. Majeshi ya Tanzania yalipoingia Uganda mwaka 1979, wananchi wa huko waliyaita makombora yake "saba saba", na wazee wa Kampala wanalitumia jina hilo hadi leo wanaposimulia kuanguka kwa Idi Amin.

Tarehe 5 Februari haikupata jina la namna hiyo, ingawa mambo yaliyotokea siku hiyo ni mazito zaidi kwa hesabu. Mwaka 1957 Zanzibar ilikuwa inajiandaa kwa uchaguzi wake wa kwanza. African Association, iliyokuwa na nguvu Ng'ambo ya mji na mashambani miongoni mwa watu wenye asili ya bara, ilikuwa haijaelewana na Shirazi Association, iliyosema kwa niaba ya wenyeji wa visiwani. Nyerere alivuka bahari kwenda kuwasihi waungane. Waliungana, Abeid Amani Karume akawa kiongozi wa umoja huo, na Thabit Kombo kutoka upande wa Washirazi akawa mmoja wa nguzo zake. Mwanzoni uliitwa Afro-Shirazi Union, na baadaye ndipo ukaitwa Afro-Shirazi Party, ASP. Katika uchaguzi huo wa 1957 Karume alimshinda Ali Muhsin Barwani katika jimbo la Ng'ambo. Hata hivyo umoja haukuwa imara kama jina lake. Mwishoni mwa 1959 Muhammad Shamte na wenzake walijitoa wakaunda chama chao, ZPPP, wakaenda kushirikiana na chama cha Ali Muhsin, na jeraha hilo la Pemba halikupona haraka.

Hapo tayari siku hizi mbili zinagusana: mtu aliyeongoza mkutano wa Saba Saba ndiye aliyekuwapo kuupigania muungano wa Februari. Ziligusana tena mwaka 1967. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha kuanzia 26 hadi 29 Januari na kupitisha azimio la ujamaa na kujitegemea. Lilitangazwa rasmi 5 Februari, siku ASP ilipokuwa inatimiza miaka 10. Kesho yake, 6 Februari, mabenki yalitaifishwa. Kwa hiyo tangu mwaka huo tarehe ya kuzaliwa chama cha Zanzibar ikawa pia tarehe ya uamuzi mkubwa kuliko wote ambao chama cha bara kiliwahi kuutoa.

Azimio hilo liliwaweka wakulima na wafanyakazi katikati ya nchi, na kalenda ikafuata. Wafanyakazi walikuwa na Mei Mosi. Wakulima walipewa Saba Saba, na uteuzi huo ulikuwa na mantiki. Mwezi Julai ni kipupwe. Masika yamekwisha, mavuno ya sehemu nyingi za nchi yako ghalani au yanapukuchuliwa uani, na mkulima ana muda na mazao ya kuonyesha. Chama kilichojiita cha wakulima kilisherehekea kuzaliwa kwake katika msimu ambao mkulima ana furaha.

Wakati huo nchi ilikuwa moja tangu 26 Aprili 1964, lakini vyama vilikuwa bado viwili: TANU bara, ASP visiwani, kila kimoja kikishika hatamu upande wake. Karume aliuawa 7 Aprili 1972 na Aboud Jumbe akashika nafasi yake. Ni katika enzi za Jumbe ndipo fikra ya kuviunganisha vyama ilipopata mlango. Nyerere alitoa hoja mwaka 1975, suala likapelekwa kwa wanachama, na 21 Januari 1977 mkutano wa pamoja wa vyama vyote viwili ukaamua kuunda CCM. Siku ya kuzaliwa kwake ikapangwa 5 Februari, na sherehe ikafanyika Zanzibar, katika Uwanja wa Amaan.

Uamuzi huo wa tarehe unastahili kutazamwa kwa makini kuliko unavyotazamwa kwa kawaida. TANU ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ASP kwa idadi ya wanachama, na hofu ya mdogo kumezwa na mkubwa ilikuwa hofu ya kweli. Chama kipya kingezinduliwa Dar es Salaam siku ya Saba Saba, Mzanzibari angekuwa na haki ya kusema kwamba TANU imebadili jina tu. Kuzindua Zanzibar, kwenye siku ya ASP, kulimpa mdogo heshima ya mwenye nyumba. Ilikuwa busara, na TANU ililipa gharama yake: iliishi miaka 22 na karibu miezi 7, ikafa siku ya kuzaliwa ya mwenzake.

Kuanzia hapo 5 Februari ikawa siku ya taifa yenye shamrashamra zote za chama kushika hatamu: jua kali la kaskazi, halaiki ya watoto uwanjani, bendera za kijani zenye jembe na nyundo. Saba Saba iliendelea kuwa sikukuu, lakini chama kilichoizaa hakikuwapo tena. Maonesho ya biashara ya Dar es Salaam ndiyo yaliyoijaza nafasi hiyo. Kila mwaka, mwishoni mwa Juni, barabara ya Kilwa hufurika watu wanaoelekea kwenye viwanja, na kwa mtoto wa Temeke neno Saba Saba likawa na maana ya mabanda, vumbi, nguo mpya na kitu cha kurudi nacho nyumbani. Waasisi 17 wa New Street hawakuwa tena mawazoni mwa wengi waliolitamka.

Nchini Kenya jina hilo hilo lilichukua njia tofauti kabisa. Mwaka 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliokuwa mawaziri zamani, waliitisha mkutano wa hadhara Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai, kudai vyama vingi. Serikali ya Daniel arap Moi iliupiga marufuku na kuwaweka wote wawili kizuizini siku tatu kabla. Watu walikwenda hivyo hivyo. Ghasia zilidumu siku kadhaa na kuenea nje ya Nairobi, na watu wasiopungua 20 waliuawa. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU, chama cha Moi, kuwa chama pekee, kilifutwa. Siku iliyokuwa Tanzania kumbukumbu ya chama kilichokuja kuwa pekee ikawa Kenya siku ya kukataa chama pekee, na tangu hapo Wakenya wanaoingia barabarani kudai haki zao hurudi kwenye tarehe hiyo.

Mjadala huo huo ulikuwa umekwisha kufika Tanzania. Februari 1990 Nyerere mwenyewe alisema si uhaini kuuzungumzia mfumo wa vyama vingi. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchi ikikusanya maoni. Walio wengi walitaka chama kimoja kiendelee, lakini tume ikapendekeza vingi, na mfumo huo ukarudi rasmi 1 Julai 1992. Hapo kalenda ilibidi isafishwe. Serikali ya vyama vingi haiwezi kumpa mapumziko mwanachama wa upinzani ili asherehekee kuzaliwa kwa CCM. Tarehe 5 Februari iliondoka kwenye sikukuu za taifa ikarudi kwa wenyewe, ambao huiadhimisha kila mwaka kwa mikutano yao. Saba Saba ilisalia kwa sababu ilikuwa imekwisha pata kazi nyingine. Ilibaki siku ya biashara, na wakulima wakahamishiwa 8 Agosti, siku waliyoipa jina kwa kanuni ile ile: Nane Nane.

Kuhama huko mwezi mmoja mbele kuna upande wake wa shambani. Viwanja vya Nane Nane, kama Nzuguni Dodoma, John Mwakangale Mbeya au Themi Arusha, huonyesha mazao yakiwa yamesimama ardhini, katika vile viploti vinavyoitwa vipando. Mvua nyingi huwa zimekatika Mei, kwa hiyo wataalamu hupanda kwa kuhesabu siku kurudi nyuma kutoka Agosti na kumwagilia kipupwe chote, ili mtama uwe umechanua na kabichi zimefunga siku mgeni rasmi anapopita.

Leo Mtanzania hupumzika 7 Julai na 8 Agosti. Tarehe 5 Februari huenda kazini kama kawaida, na CCM husherehekea peke yake siku iliyorithi kutoka Zanzibar, huku ofisi yake ndogo ya makao makuu Dar es Salaam ikiwa Mtaa wa Lumumba, ilikoanzia Saba Saba.